Mgeni Akiondoka, Hati kwa Nani?

Mkoa unaitwa Pwani, lakini ukisimama Mlandizi au Maneromango ukauliza njia ya kwenda baharini, utaoneshwa stendi ya mabasi. Wilaya ya Kibaha haina hata hatua moja ya ufukwe. Kisarawe iliwahi kuwa nao: hadi mwaka 1995 wilaya hiyo ilishuka mashariki mpaka Kisiju, kwenye majahazi na mikoko, ndipo Mkuranga ikamegwa ikawa wilaya na kuondoka na bahari yote. Kisarawe ikabaki na vilima vya Pugu, misitu, mihogo, mikorosho, na jirani mmoja mkubwa, Dar es Salaam.

Jirani huyo ana mahitaji mengi. Akishikwa na kiu, sehemu kubwa ya maji yake inatoka Mlandizi. Akitaka kupika, mkaa unashuka kutoka Mzenga na Vikumburu. Akitaka kwenda bara, reli na barabara zake zinakatiza Kibaha. Watu wengi wa mjini wanazijua wilaya hizi kupitia dirisha la basi tu: Kwa Mathias, Picha ya Ndege, Maili Moja, Kongowe, Misugusugu, majina yanayoitwa na kondakta na kusahaulika kabla ya Chalinze. Wanaokwenda Kisarawe ni wachache zaidi, kwa sababu njia ya Pugu haimpeleki mtu mkoani. Inamfikisha Kisarawe, na huko mbele ni vijiji.

Mara nyingi wilaya hizi huandikwa kana kwamba hadithi yake ni moja: ziko karibu na jiji, lakini zimechelewa. Mimi naona kuna jambo jingine la kufuata. Kwa zaidi ya miaka mia moja kila kizazi cha huku kimempokea mgeni aliyekuja na mradi. Mgeni hueleza, wazee husikiliza, kikao hufungwa, kazi huanza. Kisha, baada ya miaka mitatu au thelathini, mgeni huondoka. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wapo waliopona kweli. Tofauti kati ya waliopona na walioumia haikuwa ukarimu wa mgeni wala bidii ya mwenyeji. Imekuwa ni nani aliyebaki na karatasi.

*

Wenyeji ni Wazaramo, na kadiri unavyoelekea kaskazini ya Kibaha unakutana pia na Wakwere. Ukoo wao unafuata upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo mgeni kutoka bara huchelewa kuielewa. Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa, akatolewa kwa ngoma. Mti wa mkole na kile kinyago kidogo cha mbao, mwana hiti, vilikuwa na nafasi yao katika mafunzo hayo. Mwana hiti wa zamani leo wamo kwenye makabati ya majumba ya makumbusho ya Ulaya, wamesimama wima bila mwali wa kuwalea.

Katika suala la ardhi, mazoea yalikuwa mepesi kuyasema na magumu kuyaandika. Shamba lililolimwa ni la aliyelima, na mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine. Mwembe wa bibi ni wa bibi. Pori lililobaki ni la wote: kuni, udongo wa kukandikia nyumba, dawa, asali, kisima cha kiangazi. Hakuna aliyeliita pori hilo tupu, mpaka alipofika mtu mwenye ramani.

Wazaramo wamesemwa sana. Kuanzia maofisa wa Kijerumani hadi wakuu wa idara wa siku zetu, kumekuwa na maneno kwamba Mzaramo anapenda ngoma kuliko jembe. Watani wakisema hivyo ni haki yao. Serikali ikisema hivyo, mimi huwa nauliza ni jembe la nani lililokataliwa.

*

Maana kuna jembe lililokataliwa kwa sababu nzuri kabisa. Mwaka 1902 utawala wa Kijerumani, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, ulianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za kusini mwa pwani, Dar es Salaam na viunga vyake vya Uzaramo vikiwamo. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walilime kwa siku 28 kwa mwaka. Mapato yagawanywe mafungu matatu: moja kwa wakulima, moja kwa jumbe, moja kwa chombo cha wilaya kilichosimamia mauzo. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Chombo hicho cha wilaya, ukikitazama vizuri, ndiyo halmashauri ya kwanza kuwahi kuwekwa huku, na kazi yake ya kwanza ikawa kuwalimisha watu zao ambalo hawakulichagua, katika msimu uleule ambao mashamba yao ya chakula yalihitaji palizi.

Fungu la mkulima lilipohesabiwa Uzaramo, lilifika senti 35 kwa mtu kwa mwaka mzima. Wengi walikataa hata kuzipokea. Kibasila, jumbe wa Kisangire, alikuwa miongoni mwa waliogoma kulima pamba hiyo, na vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905 akawa kiongozi wa upande huu. Wazaramo waliifasiri dawa ya maji kwa imani yao wenyewe, wakiihusisha na Kolelo, mzimu wa milima ya Uluguru ambao tangu zamani walikuwa wakiuendea kuomba mvua. Leo jina la Kibasila limeandikwa kwenye geti la sekondari jijini Dar es Salaam, na wanafunzi wengi wanaolipita kila asubuhi hawajawahi kufika Kisangire.

Mwaka uleule wa 1905 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Ikapanda Pugu, ikapita Soga, ikavuka mto Ruvu, na mwaka 1907 ikafika. Vituo vilipata majina ya vijiji. Vijiji havikupata zaidi ya hayo.

Wamisionari nao walikuja. Waanglikana wa UMCA walihamisha chuo chao cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Zanzibar, hadi Minaki mwaka 1925, na kwa miongo kadhaa kilima kile cha Kisarawe kikatoa walimu na waganga kwa nchi nzima. Minaki ipo hadi leo, ni sekondari ya serikali. Walutheri walijenga Maneromango mapema zaidi. Shule hizi zilifanya kazi kubwa, ingawa ziliwahudumia zaidi watu wa mbali kuliko waliozizunguka, kasoro tutakayoikuta tena Kibaha.

*

Mwaka 1963, nchi ikiwa na umri wa miaka miwili, nchi za Nordic, Sweden, Norway, Denmark na Finland zikiwamo, zilianza kujenga Kibaha mradi ulioitwa kwa jina la Nordic na Tanganyika. Mwalimu Nyerere alikuwa akihubiri maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na mradi ukapangwa kama mtu anayejibu swali la mtihani kipengele kwa kipengele. Kwa ujinga, sekondari ya wavulana. Kwa maradhi, kituo cha afya Tumbi. Kwa umaskini, kituo cha kuwafundisha wakulima. Vyote mahali pamoja, kama kilomita 40 kutoka jijini, kando ya barabara ya Morogoro.

Ninaupenda mradi huu kwa sababu moja ambayo haitajwi sana kwenye hotuba za maadhimisho: ulipangwa uishe. Wageni walikuja wakijua wataondoka, na Watanzania waliajiriwa na kufundishwa wakijua watabaki. Tarehe 10 Januari 1970 ukakabidhiwa, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, shirika la umma. Karatasi zote zikahamia serikalini siku hiyo: majengo, ardhi, vitabu, mashine za kutotolea vifaranga. Kituo cha afya kikakua kuwa Hospitali ya Tumbi, ambayo sasa ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na ambayo kila dereva wa masafa anaijua, kwa kuwa majeruhi wa ajali za barabara ile hukimbizwa hapo. Kituo cha wakulima kimekuwa chuo cha maendeleo ya wananchi. Na sekondari ile ilimfundisha kati ya mwaka 1966 na 1969 kijana wa Kikwere kutoka Msoga aliyeitwa Jakaya Kikwete, aliyekuja kuwa rais wa nne.

Kikwete alikuwa mtoto wa Pwani. Wengi wa wanafunzi wenzake hawakuwa. Kibaha ilikuwa, na ni, shule ya kuchagua vipaji kutoka nchi nzima, na mtoto wa Magindu au Kwala aliyesoma shule ya msingi yenye walimu wawili alikuwa na nafasi ndogo ya kuingia kuliko mtoto wa Moshi. Kwa hiyo mzee wa kijiji kilicho karibu angeweza kuishi miaka yote akiyaona majengo mazuri, akitibiwa Tumbi, akinunua vifaranga, na asiwe na mjukuu hata mmoja darasani. Hiyo ni kasoro ya kweli. Lakini ni kasoro inayorekebishika, kwa kuwa kitu chenyewe kipo na ni cha nchi. Kwa mbono, nitakaowaeleza hivi punde, hakuna cha kurekebisha.

Kibaha imeendelea kuvuta mambo makubwa. Kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba, kilizinduliwa mwaka 2015. Kwa Mfipa kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Februari 2022, mali ya vyama sita vilivyopigania ukombozi kusini mwa Afrika, na iliyojengwa kwa msaada wa Wachina. Katika sensa ya 2012 Kibaha mjini ilikuwa na watu 128,488, Kisarawe nzima 101,598, na Kibaha vijijini 70,209. Wanaohamia wengi ni watu wa Dar es Salaam waliokimbia kodi ya nyumba. Wananunua kiwanja, wanajenga chumba kimoja na kukihamia, wanaendelea na vingine taratibu.

*

Sasa maji. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa Mlandizi mwaka 1959. Baada ya upanuzi una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na mwenzake wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, lita milioni 270. Oktoba 2022 mto ulipopungua hadi ukaonesha mchanga, jiji zima lilipangiwa mgawo, na magazeti yakagundua kwamba Dar es Salaam inategemea mto mmoja. Watu wa Mlandizi hawakuhitaji gazeti.

Mji wa Kisarawe, uliokaa mlimani hatua chache kutoka mpaka wa jiji, ulikaa miongo bila maji ya bomba ya kuaminika. Watu walinunua kwa madumu na maboza. Mradi wa kuyapandisha maji ya Ruvu kutoka tangi la Kibamba ulikamilika na kuzinduliwa na Rais Magufuli Juni 2020. Miaka 61 tangu mtambo wa Mlandizi uwashwe! Sababu za kihandisi zipo, maji hayapandi mlima yenyewe, lakini bomba lilipanda vilima vingine vingi kabla ya hicho.

*

Tuje kwenye mbono. Kati ya mwaka 2006 na 2009, bei ya mafuta duniani ilipopanda na Ulaya ikatangaza kuchanganya nishati za mimea kwenye mafuta ya magari, makampuni yalimiminika Tanzania kutafuta ardhi. Moja, Sun Biofuels, iliyotoka Uingereza, ilitua Kisarawe. Ilitaka kulima mbono, mti ambao wanakijiji wanaujua vizuri, kwa kuwa hupandwa kuwa uzio na kuonesha mahali pa makaburi. Ng'ombe hali majani yake na mtu hali mbegu zake. Ulitangazwa kuwa mti wa muujiza unaostawi kwenye ardhi iliyochoka.

Kampuni ilipata hekta 8,211 kwa miaka 99. Ardhi hiyo ilikatwa kutoka vijiji 11, vikiwamo Mtamba, Muhaga, Marumbo, Paraka, Kidugalo, Vilabwa, Mitengwe na Chakaye. Ahadi zilitolewa mikutanoni: ajira, visima, zahanati, madarasa, barabara. Wengi waliokubali hawakuwa wajinga wala hawakuhongwa soda. Walikuwa watu ambao kisima chao kilikuwa mbali na zahanati yao haina dawa, na mtu mbele yao alisema atavileta.

Jambo ambalo wengi hawakuelezwa wakaelewa liko kwenye sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa serikali ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye sauti. Lakini mgeni asiye raia hawezi kupewa ardhi ya kijiji. Ni lazima kwanza ardhi hiyo ihamishwe iwe ardhi ya jumla, ndipo taasisi ya serikali ya uwekezaji ishike hati na kumpa mwekezaji haki ya kuitumia. Na eneo likizidi hekta 250, mkutano wa kijiji unatoa mapendekezo tu, na mwenye uamuzi ni waziri. Ikishahamishwa, ardhi si ya kijiji tena. Mwekezaji akifilisika, hairudi yenyewe kama ng'ombe jioni.

Wanakijiji wengi walidhani wamekodisha. Katika mazoea yao, ukimpa mtu shamba alime na yeye akaacha kulima, shamba ni lako. Walitia saini muhtasari wa kikao wakiwa na sheria moja kichwani, na karatasi ilikuwa na nyingine.

Miti ilipandwa, mamia ya watu wakaajiriwa, baadhi ya vijana wakajenga nyumba za bati. Mwaka 2011 kampuni ikaishiwa fedha, wafanyakazi wakaachishwa kazi, na mradi ukauzwa kwa wawekezaji wengine. Waandishi wa habari na mashirika ya haki za ardhi walifika na kukuta watu wasio na ajira, wasio na visima vilivyoahidiwa, na wasio na uhuru wa kuingia kwenye pori walilokuwa wakichota maji, kuchoma mkaa na kuchimba udongo wa kujengea. Mbono wenyewe haukuzaa kama walivyohesabu kule London. Mti wa muujiza ulihitaji maji na mbolea kama miti mingine.

Fidia ililipwa kwa baadhi, hasa kwa miti na mazao yaliyoonekana. Hapa ndipo mazoea ya kale na sheria mpya vilipokutana vibaya. Mwenye mkorosho alihesabiwa mkorosho wake. Aliyekuwa akitegemea pori hakuhesabiwa chochote, maana pori halikuwa na mpandaji.

*

Nani basi anamlaumu mchoma mkaa? Wote tunamlaumu, na misitu kweli inaisha. Ruvu Kusini, msitu wa hifadhi uliogawanyika kati ya Kibaha na Kisarawe, umekatwakatwa. Kazimzumbwi ulivamiwa na kugawanywa viwanja kwa miaka, na nyumba zikabomolewa zaidi ya mara moja. Mwaka 2020 Pugu na Kazimzumbwi vilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Msitu huu ni mabaki ya ule wa pwani wa kale, una ndege na mimea ambayo dunia ina mahali pachache pa kuipata, na uko umbali wa daladala moja kutoka Gongo la Mboto. Unastahili kulindwa kwa ukali.

Lakini tanuri la mkaa ni benki ya mtu aliyekosa benki nyingine. Ada ya shule inapodaiwa Januari, korosho zimeshauzwa na mihogo haijakomaa. Mti ndio ulio tayari. Mchomaji hubaki na sehemu ndogo ya bei ambayo mama wa Temeke analipa kwa gunia, nyingine ikiliwa na usafiri, ushuru, madalali na yale malipo ya barabarani yasiyo na risiti. Halmashauri yenyewe imekula ushuru wa mazao ya misitu kwa miaka mingi, kwa hiyo imekuwa ikikamata mkaa kwa mkono mmoja na kupokea mapato yake kwa mwingine.

Nisije nikaonekana kusema kwamba halmashauri haifanyi kitu. Kisarawe, mwaka 2019, mkuu wa wilaya wa wakati huo, Jokate Mwegelo, alianzisha kampeni ya Tokomeza Zero, kufuta daraja la sifuri katika mtihani wa kidato cha nne, na ikazaa harambee za kujenga sekondari ya wasichana. Kampeni ilikuwa na kelele na kamera, na wakosoaji walisema hivyo. Sawa. Lakini wilaya iliyozoea kutajwa kwa ajili ya mihogo ilianza kutajwa kwa ajili ya madarasa, na wazazi wa vijijini walichanga kwa kitu ambacho hakiwezi kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla.

*

Mgeni wa sasa amefika kwa reli. Ujenzi wa reli ya kisasa ulizinduliwa Pugu Aprili 2017, na Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kwenda Morogoro, ikisimama Soga na Ruvu, karibu na njia ileile ya Wajerumani. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua bandari kavu ya Kwala, katika Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, ili makontena yatolewe bandarini Dar es Salaam na kusubiri huku. Karibu yake kunajengwa eneo la viwanda. Kwala, kijiji ambacho jina lake lilikuwa halivuki Mlandizi, sasa linasomwa kwenye nyaraka za mizigo ya Congo na Zambia.

Mimi natarajia mema mengi kuliko yale ya mbono. Reli haifilisiki ikauzwa kwa mtu asiyejulikana, na mwenye bandari ni serikali. Halmashauri nayo ina haki ya kutoza ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni zinazofanya biashara katika eneo lake, fedha ambazo kwa wilaya ya mihogo na ng'ombe ni mvua. Shida ni kwamba kampuni nyingi huweka ofisi kuu mjini na kiwanda shambani, na mweka hazina wa Mlandizi hana budi kubishana kuhusu mauzo yapi ni ya wapi, na mtu mwenye wahasibu wengi kuliko yeye.

Wasiwasi wangu uko pembeni ya reli. Soga, Ruvu na Kwala, watu wa mjini wananunua mashamba kwa ekari, mara nyingi kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Muuzaji anapata pikipiki. Mwanawe, miaka mitano baadaye, anapata kazi ya ulinzi kwenye shamba hilohilo. Sheria inatoa kinga: kijiji kipimwe mipaka kipate cheti cha ardhi ya kijiji, kifanye mpango wa matumizi bora ya ardhi, kisha kila kaya ipate hati miliki ya kimila. Hatua zote tatu zinahitaji wapimaji, gari, mafuta na posho, na bajeti ya idara ya ardhi ya wilaya haitoshi kwa vijiji vyote. Kwa hiyo vijiji hupangwa foleni, na foleni hiyo husogea haraka pale tu mfadhili au mwekezaji anapojitolea kulipia upimaji. Anayeitaka ardhi ndiye anayenunua mafuta ya gari la kwenda kuipima.